Samadi ya ng'ombe kwenye miti ya matunda: hiyo uliyonayo ni ipi hasa?

Msimu huu simu yangu haipoi. Kila mwenye miche ya parachichi, embe au michungwa ana swali la samadi, na maswali yenyewe yanapingana. Mmoja kasikia samadi inaunguza miti, mwingine kasikia inaleta mchwa, mwingine katumiwa kwenye grupu la WhatsApp ile video ya jamaa wa India anakoroga pipa la mbolea kwa fimbo na kusema ng'ombe mmoja anatosha ekari 30, alafu kuna mama mmoja wa Njombe kanipigia kabisa, ananiambia mwanangu, hii samadi niweke au nisiweke, maana mtaalamu kasema hivi na jirani kasema vile na hela ya kirikuu nishatoa.

Nikamuuliza, mama, hiyo samadi yako ina umri gani? Akakaa kimya kidogo, akasema sijui mwanangu, imetoka bomani tu.

Basi hapo ndo tatizo lote lilipo. Tunaita vitu vitano sita tofauti kwa jina moja, samadi, alafu tunashangaa kwa nini mmoja imemfaa na mwingine imemuulia miche. Ni sawa na mtu aseme nimekula mahindi, sasa mahindi gani, ya kuchoma, makande, ugali au bisi? Vyote mahindi ila tumboni havikai sawa.

Kwa hiyo tuanze na majina, alafu mengine yatakaa sawa yenyewe.

Kuna kinyesi kibichi, kile cha leo au cha wiki hii, kina majimaji (zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji) na kikikaa rundo kinatoa harufu kali ya kuchoma pua. Kuna samadi ya boma, ile imekaa zizini miezi au miaka, imekanyagwa, imepigwa jua, imenyeshewa, imechanganyika na udongo na mabaki ya majani. Kuna mboji, yani kinyesi kilichochanganywa na majani au mabua kikawekwa rundo kikachemka chenyewe mpaka kikageuka kitu cheusi kinachonukia kama udongo wa msituni. Kuna mkojo wa ng'ombe, ambao watu wengi wanauacha upotee na mi kila nikiuona unapotea roho inaniuma, nitaeleza kwa nini. Kuna tope linalotoka kwenye mtambo wa bayogesi, ule unaogeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia. Na kuna hiyo mbolea ya pipa, ya kuchachusha, ya kwenye video.

Sasa ndani ya hivyo vyote kuna nini kinachoufaa mti? Mti wa matunda unahitaji vyakula vingi ila vikubwa ni vitatu. Naitrojeni ya kutoa majani na machipukizi, fosforasi ya mizizi na maua, na potasiamu ambayo ndo inafanya kazi kubwa kwenye tunda lenyewe, ujazo wake na utamu wake. Ng'ombe akila majani vyakula hivi havitoki kwa njia moja. Fosforasi karibu yote inatoka kwenye kinyesi. Potasiamu nyingi inatoka kwenye mkojo. Naitrojeni inagawanyika, nusu hivi huku na nusu kule. Kwa hiyo anayezoa kinyesi na kuacha mkojo uzame kwenye ardhi ya banda, ameacha sehemu kubwa ya chakula cha matunda palepale chini ya miguu ya ng'ombe.

Ila chakula ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo kwa shamba la miti mi naona ndo kubwa, ni kile samadi inachoufanyia udongo. Chukua udongo wa shamba lililolimwa miaka bila kurudishiwa kitu, ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, mvua ikinyesha maji yanateleza juu yanaenda zake. Udongo wenye samadi ya miaka kadhaa ni kama godoro, unameza maji ukayashika, ukikanyaga unasikia mguu unazama kidogo. Mti unakaa hapo miaka 30 au 40, hauhami kama mahindi, kwa hiyo godoro hilo ndo nyumba yake.

Na ndo maana samadi na mbolea ya dukani hazifanani kazi. Yurea ni kama glukosi, unapewa leo nguvu unaipata leo, isipotumika inaondoka na mvua. Samadi ni kama kuweka hisa kwenye vikoba, unaweka kidogokidogo na gawio linakuja kwa muda. Kwenye mwaka wa kwanza naitrojeni inayoachiwa kutoka kwenye samadi iliyoiva ni kama robo au theluthi hivi, nyingine inabaki kutoka miaka inayofuata. Mtu anaweka mwaka mmoja, haoni mti ukibadilika rangi kama alivyozoea kwenye yurea, anasema samadi haifanyi kazi. Inafanya, ila hajaipa muda.

Wanaoachia hicho chakula ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, bakteria na kuvu wa udongoni, pamoja na minyoo. Tuwaite wapishi, maana mti hauwezi kula samadi kama ilivyo, lazima ipikwe kwanza. Ukishaelewa habari ya wapishi, maswali mengi yanajijibu.

Je inaunguza?

Mbichi inaunguza, ndio, tena vibaya. Iliyoiva haiunguzi.

Nina ushahidi wa mikono yangu. Tulipanda parachichi za aina ya Hass, tukachimba mashimo vizuri futi mbili kwa mbili, tukanunua samadi kwa mtu aliyetuhakikishia imeiva, na sisi kwa haraka ya mvua hatukuchimba ndani ya rundo kuangalia, tukachanganya na udongo tukapanda siku hiyohiyo. Wiki ya tatu majani yakaanza kuwa ya kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, kutoka kwenye ncha kuja ndani. Tukadhani ni kiu, tukaongeza maji. Nikang'oa mche mmoja kuangalia, mizizi midogo yote ilikuwa imebadilika rangi, laini, ukivuta ngozi inatoka inabaki kamba katikati, na kwenye shimo harufu ya mkojo ikanipanda puani. Nilipoingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, chini kulikuwa na joto. Mche ulikuwa umekaa juu ya jiko.

Kilichotokea ni vitu vitatu kwa pamoja. Kwanza chumvi. Ukikata kitunguu cha kachumbari ukakitia chumvi baada ya dakika chache bakuli lina maji, chumvi imeyavuta kutoka kwenye kitunguu. Samadi mbichi ina chumvichumvi nyingi, ikigusa mzizi mchanga inavuta maji kutoka kwenye mzizi, ndo maana mche unaonekana una kiu hata ukiwa umemwagiliwa. Pili ile hewa kali inayochoma pua, amonia, ni sumu kwa mizizi midogo. Tatu wapishi wakiwa kwenye kazi ya kuchemsha wanatumia hewa yote ya shimoni, mizizi inakosa pumzi. Na parachichi katika miti yote ndo mwepesi kudhurika, mizizi yake iko juujuu, haina vinyweleo vingi vya kunyonyea, haipendi kukosa hewa hata kidogo, ikidhoofika tu ule ugonjwa wa kuoza mizizi unaingia.

Mti mkubwa wa embe au chungwa unaweza kuvumilia samadi mbichi ikitandazwa juu ya udongo mbali na shina. Lakini kwenye shimo la kupandia, usithubutu.

Kuivisha sio kazi ya ajabu

Watu wanaogopa neno mboji wanadhani ni utaalamu wa chuo. Wapishi wanataka vitu vinne tu, chakula kikavu, chakula kibichi, maji na hewa. Kinyesi ndo kibichi chenye naitrojeni, mabua ya mahindi, majani makavu, nyasi ndo kikavu. Weka tabaka la mabua, tabaka la kinyesi, nyunyiza maji, rudia mpaka rundo lifike kifuani, likiwa fupi sana halishiki joto. Liwe kivulini au chini ya paa la makuti au turubai, kwa sababu jua linapeperusha naitrojeni na mvua inaosha iliyobaki. Yale maji meusi yanayotiririka kutoka bomani wakati wa masika, watu wanayaruka kwa sababu yananuka, ile ndo mbolea yenyewe inaondoka kwenda mtoni na kule mtoni inaharibu maji ya watu.

Maji kiasi gani? Chota konzi moja kamua kwa nguvu, yakidondoka matone mawili matatu imekaa vizuri, yakichuruzika yamezidi, mkono ukibaki mkavu ongeza. Alafu chomeka nondo au fimbo ndefu katikati, iache. Baada ya siku tatu nne ichomoe uishike. Kama huwezi kuishikilia, rundo linachemka, liko kwenye nyuzi 55 au 60 na zaidi, na hilo joto ndo linaua mbegu za magugu ambazo ng'ombe kazimeza kule malishoni na vimelea vya magonjwa. Samadi ya boma ambayo haijachemka inaleta magugu shambani, hilo sio uzushi, kila aliyeitumia analijua. Fimbo ikitoka ya baridi, aidha kukavu, aidha kumelowa mno, aidha kinyesi ni kidogo kwenye mabua.

Wiki mbili tatu baadaye joto likishuka geuza, cha nje kiingie ndani, litapanda tena. Ukigeuza mara tatu nne, miezi mitatu hivi umemaliza. Usipogeuza nayo itaiva ila subiri nusu mwaka, na pembeni kutabaki mbegu hazijafa.

Utajuaje imeiva? Hupati harufu ya kinyesi, hutambui hiki kilikuwa mavi au bua, imepoa na ukiigeuza haipati joto tena. Kisha kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kopo la maharage. Jaza kopo moja hiyo samadi ukichanganya na udongo nusu kwa nusu, kopo la pili weka udongo mtupu, panda maharage matano kila kopo. Baada ya wiki mbili au tatu linganisha. Yakiota sawa na majani yako wazi vizuri, peleka shambani. Yakikataa kuota au majani yakajikunja kama kikombe, iache. Hayo majani kujikunja yanaweza kukuonyesha hata kitu ambacho macho hayaoni, dawa ya kuua magugu. Kuna viuagugu vya malisho ambavyo ng'ombe anakula kwenye nyasi, vinapita tumboni vinatoka vizima na vinakaa kwenye samadi muda mrefu. Uingereza mwaka 2008 watu wengi waliharibikiwa bustani kwa njia hiyohiyo, nyanya na maharage yakapinda wasijue kwa nini. Kopo la maharage halina gharama.

Jambo lingine hapohapo, majivu. Majivu yana potasiamu na yanapunguza uchachu wa udongo, ni mazuri, ila ukiyamwaga kwenye kinyesi kibichi unafukuza naitrojeni nyingi iende hewani, utaisikia puani. Majivu yaweke peke yake shambani siku nyingine.

Ile video ya pipa

Sasa tuje kwenye pipa maana ndo linaumiza watu vichwa. Hiyo mbolea kule India inaitwa jivamrita, na aliyeitangaza sana ni Subhash Palekar wa Maharashtra, mtu anayeheshimiwa kwao, serikali ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 2016, na mwaka 2019 kilimo chake kikatajwa mpaka kwenye hotuba ya bajeti ya India. Sio tapeli wa mtandaoni. Mapishi yake kwa ekari moja ni kinyesi kibichi kilo 10, mkojo lita 5 mpaka 10, sukari guru kilo 2, unga wa jamii ya kunde kilo 2, konzi ya udongo, maji lita 200, unakoroga na kuacha kivulini siku mbili hivi.

Tupige hesabu pamoja. Kinyesi kibichi kilo 10 kina naitrojeni kama gramu 50. Mkojo lita 10 una kama gramu 80, pengine 100. Unga wa kunde kilo 2 una kama gramu 70. Jumla gramu 200 na kitu. Ekari ya parachichi ukipanda mita 7 kwa 7 ina miti 80 hivi. Gawanya. Kila mti unapata gramu mbili na nusu, ambayo ni kama kijiko cha chai cha yurea. Hata ukirudia kila mwezi mwaka mzima unafika gramu 30, kwa mti mkubwa unaobeba matunda hiyo ni kuonja.

Palekar mwenyewe hasemi hicho ni chakula. Anasema ni mbegu ya wapishi, unaongeza vijidudu udongoni ili wafungue kilichomo. Na kwenye mfumo wake pipa ni kitu kimoja kati ya vinne, kuna kutibu mbegu, kuna kufunika udongo kwa matandazo muda wote na kuna kuuacha udongo uwe na hewa na unyevu kwa pamoja. Video inaonyesha pipa kwa sababu pipa ndo linaonekana vizuri kwenye video. Matandazo hayana cha kukoroga.

Ukileta wapishi elfu kwenye jiko lisilo na unga, watalala njaa. Udongo wako tayari una wapishi mabilioni kwenye konzi moja, kinachowakosesha kazi ni kukosa chakula. Kwa hiyo pipa kwenye udongo wenye samadi na matandazo sioni ubaya, wengi wanalipenda na miti inachangamka. Pipa peke yake kwenye udongo mtupu wenye njaa, hapana. Na hiyo ya kusema lazima ng'ombe awe wa kienyeji, kinachobadilisha ubora wa samadi ni alichokula ng'ombe na ulivyoitunza hiyo samadi, kuliko aina ya ng'ombe. Ng'ombe anayekula mabua matupu atakupa samadi dhaifu hata awe wa aina gani.

Hesabu ya kweli ya ng'ombe na ekari ni hii. Ng'ombe wa maziwa anayefugwa ndani anatoa kinyesi kibichi kama kilo 20 kwa siku au zaidi, mwaka mzima ni tani 7 au 8, kikiiva kinapungua uzito na ujazo mpaka chini ya nusu. Mti mkubwa wa parachichi ukiupa debe tatu za samadi iliyoiva, kama kilo 30, ekari nzima inataka tani mbili na nusu hivi. Kwa hiyo ng'ombe mmoja wa ndani, ukizoa vizuri, anabeba ekari moja ya miti. Ng'ombe wa kuchunga anayelala tu bomani hafikii hapo, nusu ya mali anaiacha njiani.

Wazee walishafanya

Haya mambo sio mageni kwetu na inanisikitisha tunayapokea kama yametoka nje. Kagera kuna kibanja na kuna rweya. Rweya ni mbuga ya nyasi, udongo wake hoi, ukipanda mgomba pale moja kwa moja haukupi kitu. Kibanja kando yake ni cheusi kimejaa migomba. Asili ya udongo ni ileile, tofauti ni kwamba ng'ombe walichunga rweya mchana, usiku wakalala nyumbani, samadi ikaingia kibanjani, nyasi za rweya nazo zikaletwa kufunika migomba, kizazi baada ya kizazi. Yani ng'ombe alikuwa anabeba rutuba ya mbuga nzima kuileta kwenye kipande cha nyumbani. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilipopita miaka ya 1890 ikaua sehemu kubwa ya ng'ombe Afrika Mashariki, vibanja navyo viliumia, na leo kaya isiyo na ng'ombe utaiona kwenye ukubwa wa mkungu.

Kilimanjaro ni hivyohivyo kwenye kihamba, yani shamba la nyumbani la Wachaga, ng'ombe yuko ndani, akina mama wanabeba majani kutoka tambarare, samadi inaenda kwenye migomba na kahawa. Kihamba cha Shimbwe Juu kimetambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kama urithi wa kilimo wa dunia. Ukisimama mle ndani mchana wa jua kali chini kuna unyevu, chimba kwa kidole tu utakuta minyoo.

Unaiweka wapi na lini

Kosa ninaloliona kila shamba ni samadi kurundikwa kwenye shina, mpaka inapanda kwenye gome. Shina halina mdomo. Mizizi inayokula iko kule matawi yanapoishia, simama saa sita mchana uangalie kivuli, ukingo wa kivuli na ndani yake kidogo, hapo ndo mezani kwake. Anzia mbali na shina kama mkono mzima kwa mti mkubwa, tandaza mduara mpaka ukingo wa kivuli, usichimbe kwa jembe hasa kwenye parachichi maana utakata mizizi ya juu, kwaruza tu kwa reki, alafu funika na nyasi kavu au majani unene wa kiganja. Kufunika sio pambo, samadi iliyoachwa wazi juani inakauka, wapishi wanakufa na naitrojeni inaondoka.

Kwenye shimo la kupandia, tenga udongo wa juu na wa chini, uchanganye ule wa juu na debe moja au mbili za samadi iliyoiva kabisa, rudisha, acha wiki kadhaa litulie ndo upande.

Muda, mwanzo wa mvua, baada ya kuvuna. Kwenye embe hapa pana mtego. Mwembe ili utoe maua unataka kipindi cha kiangazi au baridi upumzike. Ukiujaza samadi na maji muda huohuo kabla ya maua unauambia endelea kukua, utakupa majani mengi yanayong'aa na maua hakuna, wewe unalaumu mbegu. Hapo ndo naikataa ile kauli kwamba samadi ni ya asili haizidi. Inazidi. Ukirundika kila mwaka bila kipimo fosforasi inajaa udongoni, chumvi nazo, na mti unabaki kuwa wa majani.

Mkojo nao ukitaka kuutumia, banda liwe na sakafu ya zege yenye mteremko kidogo na mfereji wa kupeleka kwenye ndoo yenye mfuniko. Punguza, mkojo kopo moja maji makopo matano kwa mti mkubwa, kumi kwa mche, mwagia kwenye udongo uliolowa ukingoni mwa kivuli, sio kwenye majani. Tope la bayogesi linafanana na hilo, chakula chake kinafika haraka kuliko mboji, kwa hiyo wenye mitambo, na pale Arusha CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana na teknolojia za vijijini, wameisambaza sana, wasimwage tope wakidhani limekwisha kazi. Gesi imetoka na kaboni, naitrojeni iko palepale.

Walio pwani wana la kwao. Rundo la samadi lililoachwa muda mrefu ni sehemu anayozaliana chonga, yule mdudu anayetoboa minazi. Ukiwa Muheza, Mkuranga au Unguja na jirani ana minazi, geuza rundo mara kwa mara, ukikuta mafunza manene meupe yaliyojikunja watoe uwape kuku. Mchwa nao wanafuata kilicho kikavu na hakijaoza, mabua na kinyesi kikavu, kwenye mboji iliyoiva na yenye unyevu hawana cha maana cha kula.

Na kwa wanaolenga soko la nje, tangu China ikubali parachichi zetu mwaka 2022 wamekuwa wengi, samadi mbichi ni hatari pia kwa mlaji. Marekani sheria zao za kilimo hai zinataka samadi isiyoiva iwekwe angalau siku 90 kabla ya kuvuna, na 120 kama kinacholiwa kinagusa udongo. Tunda lililoanguka kwenye samadi mbichi usilirudishe kwenye kreti.

Je samadi inatosha yenyewe bila ya dukani? Inategemea. Udongo wenye uchachu mkali kama sehemu nyingi za nyanda za juu bado unataka chokaa, na parachichi ikikosa madini ya boroni au zinki samadi inaweza isizibe pengo lote, tunda linatoka limepinda au mviringo badala ya umbo lake. Pima udongo. Hakuna dhambi kuchanganya, mbolea ya dukani ikiwekwa kwenye udongo wenye samadi inashikwa haiondoki na maji, unatumia kidogo. Bei ilipopanda mwaka 2022 mpaka serikali ikazindua ruzuku Nanenane pale Mbeya, waliokuwa na samadi shambani walihangaika kidogo kuliko wengine.

Yule mama wa Njombe nilimwambia asiweke, afunike rundo kwa turubai na ageuze, apande maharage kwenye kopo. Na safari nyingine kirikuu ikifika asilipe kabla hajapanda juu. Ingiza mkono ndani kabisa, sio ya juu, ukisikia joto au harufu ya kuchoma ni mbichi, bei yake iwe ya mbichi. Alafu chota konzi tia kwenye chupa ya maji angavu, tikisa, iache kama robo saa. Samadi inaelea au inabaki maji meusi, mchanga unatua chini. Mchanga ukifika nusu ya ulichotia, mwambie dereva ashushe bei au arudi nayo.